BMW R80RT ya zamani hapa Dodoma: inapougua kweli, na namna ya kupima kabla ya kununua spea

Mwanzisha uzi (Dodoma)

Wakuu, habari za majukumu.

Maswali kuhusu pikipiki kubwa za zamani yamekuwa mengi, na mengi yanafanana: je, inawezekana kuishi Dodoma na pikipiki ya safari ya miaka ya 1980, mahali ambapo spea zake hazipo dukani? Jibu langu ni kwamba inawezekana, kwa sharti moja ambalo ndilo lililonifanya nianzishe uzi huu, nalo ni kutonunua spea yoyote kabla ya kupima. Nitakayoyaeleza yanahusu BMW R80RT ya toleo lenye shokapu moja nyuma, ambalo lilitengenezwa kuanzia mwaka 1984 hadi 1995, kwa sababu ndiyo ninayoimiliki na kuifungua mwenyewe. Wenye R80 ya kawaida, R100RT au R80GS watakuta sehemu kubwa ya maelezo inawahusu pia, maana injini zao ni za ukoo mmoja.

Kwa asiyeifahamu, hii ni pikipiki ya silinda mbili zilizolala, moja kushoto na nyingine kulia, yenye cc 797 na nguvu za farasi 50, inayopozwa kwa hewa tu. Haina rejeta wala cheni, kwa kuwa gurudumu la nyuma linazungushwa na propela iliyofichwa ndani ya mkono wake, kisha difu. Tenki linachukua lita 22, na mbele kuna kava kubwa linalomkinga dereva na upepo, jambo ambalo aliyewahi kuvuka uwanda wa Bahi kuelekea Manyoni mwezi wa Julai ataelewa thamani yake bila kuelezwa. Mgandamizo wa injini ni 8.2 kwa 1, kiwango cha chini kinachoifanya isichague sana petroli. Kwa vumbi la huku kwetu, kutokuwa na cheni ni faida ambayo siwezi kuisifia kupita kiasi, kwa sababu cheni iliyopakwa mafuta na kukusanya mchanga inakula sproketi zake mbele ya macho yako.

Sasa niingie kwenye magonjwa yenyewe. Nitaanza na chaji, kwa sababu ndiyo inayofanya pikipiki nyingi za aina hii zitelekezwe chini ya turubai zikidhaniwa zimekufa injini.

Alternata yake ni ya wati 280, ambayo kwa kipimo cha leo ni ndogo, na haitoi umeme wa maana mpaka mzunguko wa injini upande. Mtu anayezunguka mjini tu, kutoka Area C hadi Majengo na kurudi, huku taa kubwa ikiwaka muda wote na taa za ziada zimefungwa mbele, anatumia umeme mwingi kuliko anaouzalisha. Betri inakufa, inanunuliwa mpya, nayo inakufa baada ya wiki chache; ndipo unaanza mlolongo wa kubadilisha kidhibiti chaji, kisha waya, kisha alternata nzima, wakati hakuna hata mmoja aliyeitazama taa nyekundu ya chaji kwenye dashibodi. Taa hiyo haipo kwa ajili ya kukuonya tu. Umeme wa kwanza wa kuiamsha rota unapita ndani ya balbu hiyo hiyo, kwa hiyo balbu ikiungua, rota inazunguka bila sumaku na alternata haizalishi kitu, ingawa kila kifaa ndani yake ni kizima. Ukifungua swichi kabla ya kuwasha injini, taa hiyo lazima iwake. Isipowaka, anza na balbu ya wati 4 na waya wake kabla hujagusa kitu kingine, wala usiweke ya LED mahali pake, kwa sababu haipitishi umeme wa kutosha kuiamsha rota.

Taa ikiwaka vizuri lakini betri bado haijai, chukua multimeta. Betri iliyojaa, injini ikiwa imezimwa, husoma karibu volti 12.6, ukiipandisha injini hadi mizunguko 4,000 kwa dakika, usomaji unapaswa kuwa kati ya volti 13.5 na 14.2 hivi. Ukibaki chini ya 13, fungua kava la mbele la injini, lakini kabla hujagusa skrubu yoyote ya kava hilo, ondoa waya hasi wa betri. Nalisisitiza hili kwa sababu nyuma ya kava kuna bodi ya dayodi yenye umeme wa betri muda wote, na kava la aluminiamu likiigusa wakati unalivuta, bodi inaungua papo hapo na umejiongezea tatizo ambalo hukuwa nalo. Kava likishatoka utaiona rota, imefungwa moja kwa moja kwenye ncha ya krenki, na juu yake pete mbili za shaba zinazosuguliwa na kaboni. Inua kaboni, kisha pima kati ya pete na pete: rota nzima ya modeli hizi husoma karibu omu 3. Multimeta isipoonyesha kitu, waya wa ndani umekatika. Ikionyesha umeme unapita kati ya pete na mwili wa rota, imepiga shoti. Katika hali hizo mbili, na hizo tu, ndipo fedha ya rota inapotoka mfukoni. Mafundi wa kusuka mota za umeme tunao hapa mjini na wanaifanya kazi hiyo, ila mwelezeni mapema kwamba kifaa hiki kinazunguka kwa kasi ile ile ya krenki, hivyo waya lazima ugandishwe kwa vanishi na uzito usawazishwe, la sivyo joto na mtikisiko vitaufumua tena.

Jambo la pili ni chujio la oili, na hapa naomba msome taratibu. Oili yenyewe haina mambo mengi: 20W-50, lita 2.5 ukibadilisha pamoja na chujio. Kiwanda kilipanga kilomita 7,500 kati ya sevisi na sevisi, nami kwa vumbi la hapa naona 5,000 ni busara. Hatari iko kwenye o-ringi moja nyeupe inayokaa kati ya mkebe wa chujio na kifuniko chake. O-ringi hiyo ina unene wa milimita 4, na ni lazima ibanwe na kifuniko mpaka ibonyee, kwa sababu ndiyo inayozuia oili yenye presha isirudi kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini) kabla ya kufika kwenye bering za krenki. Isipobanwa, injini itawaka, itanguruma vizuri, hakuna tone litakalodondoka chini, na krenki itakuwa inajiua kimyakimya. Injini hizi hazikutoka zote sawa: katika baadhi yao kingo za mkebe zimezama ndani zaidi, na hizo zinahitaji washa ya chuma kufidia kina. Pima kina hicho kwa kipimo cha vanieri mara moja, andika namba hiyo ndani ya kitabu cha pikipiki, na kila unapobadilisha chujio weka o-ringi mpya na washa kama ilivyopangwa. Aliyekuuzia pikipiki akisema hajui habari ya washa, fungua uhakikishe siku hiyo hiyo.

Tapeti nitazipitia haraka kwa sababu ni kazi nyepesi kuliko hata kwenye Boxer ya bodaboda. Injini iwe baridi kabisa, plagi zitolewe, gia ya tano iingizwe, kisha gurudumu la nyuma lizungushwe kwa mkono hadi alama ya OT (pistoni ikiwa juu kabisa) ionekane kwenye tundu la kushoto lenye kizibo cha mpira. Valvu ya kuingiza inawekwa milimita 0.10 na ya ekzosi milimita 0.20. Zaidi ya kurekebisha, weka kumbukumbu. Nafasi ya ekzosi ikikutwa imepungua katika kila sevisi, valvu inazama kwenye kiti chake, na hapo silinda hedi inakuomba uipeleke kwa fundi wa kukereza kabla valvu haijaungua. Nafasi ikiongezeka kidogo, ni uchakavu wa kawaida.

Kuhusu kabureta, zipo mbili za Bing, na ndani ya kila moja kuna kiwambo cha mpira kinachoinua slaidi. Joto la Oktoba na Novemba linakikausha kiwambo hicho mpaka kinapasuka nyufa nyembamba, na dalili yake ni pikipiki inayowaka vizuri, inatulia vizuri bila resi, lakini ikifika kilomita 80 kwa saa inagoma kuongeza. Kitoe, kinyooshe mbele ya jua, na utaona mwanga ukipenya. Bakuli la chini la kabureta linashikwa na kibanio cha waya tu, halihitaji spana. Mimi hulifungua kila baada ya safari ndefu, na kama nilijaza mafuta ya dumu kijijini, matone ya maji huwa yamekaa chini ya bakuli kama shanga, pembeni yakiwa na mchanga mwembamba mwekundu wa kutu ya tenki. EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, walianza mpango wa kuweka vinasaba, yaani kemikali za utambulisho, kwenye mafuta mwaka 2010 ili kudhibiti uchakachuaji, na vituo vingi vya barabara kuu vinaaminika, lakini vinasaba havikusaidii kwa petroli iliyolala kwenye chupa za kando ya barabara.

Cha mwisho ni meno ya shafti inayounganisha klachi na gia boksi. Klachi ni kavu, meno hayapati oili, na vumbi linaingia. Gia zikianza kuwa ngumu kuingia huku waya wa klachi ukiwa sawa, gia boksi isogezwe nyuma kiasi cha kuweza kupaka grisi yenye molibdenamu kwenye meno hayo. Gharama yake ni nusu siku ya kazi. Meno yakiisha kabisa, utahitaji shafti na sahani mpya, na hapo ndipo utakapoagiza nje na kusubiri.

Karibuni kwa maswali na masahihisho.

Mchangiaji (Singida)

Mkuu, heshima yako. Mimi ni fundi, kazi yangu ya kila siku ni bodaboda, ingawa hizi kubwa huja mara mojamoja kutoka kwa wasafiri wanaopita kuelekea Mwanza. Uliyoyaandika ni sahihi, lakini naomba niwatetee mafundi wenzangu, kwa sababu lawama zote huwa zinatuangukia sisi. Mwenye pikipiki anakuja saa nne asubuhi, anataka aondoke saa nane mchana, hana kitabu cha ufundi, na ameshabeba spea aliyoambiwa na rafiki yake. Ukimwambia tupime kwanza, anaona unampotezea muda. Fundi anafanya alichoagizwa, tatizo linabaki pale pale, na jina linaloharibika ni la fundi.

Naongeza jambo moja ambalo hukuligusa, nalo ni nati kubwa za ekzosi, zile za duara zenye mapezi zinazoingia kwenye silinda hedi. Uzi wake ni wa aluminiamu. Zikikaa miaka bila kufunguliwa zinashikana, na mtu akija na bomba refu kwenye spana na kulazimisha, uzi wa hedi wote unatoka pamoja na nati. Nati ya namna hiyo huwa naikata kwa msumeno taratibu, pande mbili, mpaka ipasuke yenyewe. Nati inanunulika, hedi ni mzigo mwingine kabisa. Wakati wa kurudisha, paka grisi ya kuzuia kushikana, na kila mwaka ifunguliwe na kufungwa tena hata kama haina tatizo.

Mwanzisha uzi

Fundi, nakushukuru sana, na hoja yako kuhusu wamiliki naikubali bila masharti. Mwenye pikipiki ndiye anayepaswa kuwa na kitabu cha ufundi, kuwa na spana ya toki, na kumlipa fundi kwa saa za kupima kama anavyomlipa kwa saa za kufunga. Kupima ni kazi yenye ujuzi, na ilivyozoeleka kwetu kwamba "kuangalia ni bure" ndiko kunakozaa kubahatisha. Hilo la nati ya ekzosi wote walizingatie. Kwenye sampu na vifuniko vya oili pia uzi ni wa aluminiamu, na ukishaliwa, dawa ni kutoboa upya na kuingiza uzi wa chuma, kazi ambayo wachache wanaiweza kwa unyoofu unaotakiwa.

Mchangiaji (Iringa)

Shikamoo kaka, na hongera kwa uzi. Mimi ni mwalimu, nimepata nafasi ya kununua pikipiki ya aina hii kutoka kwa mzee anayestaafu, na haijatembea muda mrefu. Nina maswali mawili. Je, inafaa iwe usafiri wangu pekee wa kwenda kazini kila siku? Na matairi yake yanapatikana?

Mwanzisha uzi

Marahaba dada yangu. Kwa swali la kwanza nitakuwa mkweli, hata kama jibu litakukatisha tamaa kidogo: kama ndiyo usafiri wako pekee, usiichukue. Siku itakapohitaji kiwambo cha kabureta au kaboni za alternata, utasubiri kifurushi kutoka nje, na wanafunzi hawatasubiri. BMW wenyewe bado wanatoa spea nyingi za injini hizi na kuna watengenezaji wengine pia, kwa hiyo tatizo halihusu kupatikana bali muda. Ukiwa na njia nyingine ya kufika kazini, ichukue kwa moyo mweupe.

Matairi ni inchi 18 mbele na nyuma: 90/90-18 mbele na 120/90-18 nyuma. Saizi ya nyuma inatumiwa pia na pikipiki za porini, kwa hiyo uliza Kariakoo kwa namba hiyo na usiulize kwa jina la BMW, lakini soma na uwezo wake wa uzito na kasi. Ya mbele utashawishiwa ufunge tairi la bodaboda kwa sababu linaingia kwenye rimu. Usikubali, maana pikipiki peke yake inazidi kilo 220, na ukiongeza abiria na mizigo, unaomba breki ya mbele ishike barabara kwa tairi ambalo halikutengenezwa kwa uzito huo. Angalia pia tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT kwenye ubavu wa tairi: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lenye namba 2315 ni la wiki ya 23 ya mwaka 2015, na hata likiwa na kashata nzima, mpira wake umeshakauka.

Kwa kuwa imekaa muda mrefu, usipige stata siku ya kwanza. Toa petroli yote ya zamani, safisha tenki, badilisha oili ya injini, ya gia boksi na ya difu, badilisha oili ya breki, kisha toa plagi na uizungushe injini kwa mkono kabla ya kuipa moto. Na kabla ya hayo yote, linganisha namba ya fremu na namba ya injini, ambayo imegongwa ubavuni kushoto karibu na kijiti cha kupimia oili, na zilizoandikwa kwenye kadi. Zikitofautiana, mzee na arekebishe kwanza TRA, hata kama ni mtu unayemheshimu.

Mchangiaji (Kondoa)

Mkuu, yangu ni R80RT ya mwaka 1987. Nikitoka huku kwenda Babati inakwenda vizuri, lakini nikipandisha milima wakati wa jua kali inazima ghafla silinda zote mbili, kama mtu aliyezima swichi. Nikipumzika nusu saa inawaka na kuendelea. Nimeshabadilisha plagi na betri. Nimeambiwa sasa ninunue kabureta zote mbili.

Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, zuia fedha ya kabureta. Kabureta mbili haziharibiki kwa sekunde moja, kisha zikapona pamoja baada ya kupumzika. Kinachozima silinda zote mbili kwa mpigo ni kitu ambacho silinda hizo zinakitumia kwa pamoja, na kwenye pikipiki yako kuna mambo mawili ya kutenganisha.

La kwanza ni tundu la hewa la kifuniko cha tenki. Likiziba kwa vumbi, petroli inaposhuka hewa haiingii kuchukua nafasi yake, na mafuta yanakoma. Ukipumzika, hewa inapenya kidogo kidogo na pikipiki inawaka. La pili ni moduli ya moto iliyoko chini ya tenki. Kati yake na bati linalopoza kuna dawa nyeupe ya kupitisha joto, ambayo baada ya miaka mingi inakauka na kuwa unga, hivyo moduli inachemka na kukata moto mpaka ipoe.

Ikizima tena, usisubiri ipoe. Fungua kifuniko cha tenki pale pale: ukisikia hewa ikivutwa ndani na injini ikawaka mara moja, umepata jibu bila kutumia senti. Isipowaka, toa plagi zote mbili, zirudishe kwenye vifuniko vya waya zake, na hakikisha zote zimegusa chuma cha silinda kabla ya kupiga stata, kwa sababu moto ukikosa pa kwenda unaweza kuiua moduli, na ziwe mbali na matundu ya plagi yanayotoa mvuke wa petroli. Kama hakuna cheche, tatizo ni moto. Kazi hii lazima ifanyike ikiwa ya moto, kwa sababu ikipoa kila kifaa kitasoma kizima.

Mchangiaji (Kondoa)

Mkuu, narudi na taarifa. Ilizima juu ya Kolo. Kifuniko cha tenki hakikuleta tofauti, na cheche hazikuwepo kabisa. Leo nimetoa tenki na moduli. Ile dawa imekauka na kutoka kwa ukucha. Nimesafisha pande zote mbili na nimepata dawa mpya kwa fundi wa kompyuta. Je, nipake nyingi?

Mwanzisha uzi

Paka tabaka jembamba tu, la kufunika uso wote bila kufurika, kisha kaza skrubu zake sawasawa ili moduli ilale bapa juu ya bati. Kabla hujarudisha tenki, chukua tochi uikague koili iliyoko hapo hapo chini, pande zote na chini yake. Ukiona ufa kwenye mwili wake au kutu inayochungulia kutoka kwenye kiini cha chuma, hiyo nayo inafanya mchezo ule ule kwenye joto, na itabidi uiagize. Kama ni nzima, irudishe, safisha viunganishi vya waya vya moduli, na upande tena Kolo saa saba mchana ukiwa na spana ya plagi mfukoni.